Kiumbe Aliyegoma Kuchemka

Kituo cha Bwawa
3 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia nimesimama, maana kukaa siwezi. Nimepata! Nimepata kitu ambacho hakuna aliyewahi kukichora, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Profesa mwenyewe nimemwambia nusunusu tu.

Ngoja niende taratibu. Unajua kazi yangu hapa: Profesa anaandika kitabu cha viumbe wa majini wenye seli moja, mimi namchorea. Jicho la kulia kwenye hadubini, la kushoto kwenye karatasi, yote mawili wazi. Ukishazoea, picha mbili zinalaliana, unamwona kiumbe anaogelea juu ya karatasi yenyewe, nawe unampitishia penseli tu. Macho yangu ndiyo jembe langu, hilo hukuanza kulijua leo.

Mwezi huu tuko kwenye wenye ukosi. Loo, laiti ungemwona mmoja! Ni kiyai kidogo, hata mia wakijipanga foleni hawavuki kichwa cha pini. Juu yake umesimama ukosi kama wa shati lililotiwa wanga, ila huu umejengwa kwa vidole vyembamba vilivyosimama duara. Katikati ya ukosi kuna mjeledi mmoja. Mjeledi ukichapa, maji yanasukumwa kwenda mbele, mengine yanavutwa kupita katikati ya vile vidole, na bakteria waliomo wanakwama kwenye ukosi kwa nje. Hapo seli inawameza mmoja mmoja. Mdomo hana, tumbo hana, na anakula kutwa nzima, kama wewe ulipokuwa na miaka sita.

Nikamuuliza Profesa huyu ni wa ukoo gani. Akasema, "Wako." Nikadhani ananitania. Akaniambia katika viumbe wote wa seli moja walio hai leo, hakuna aliye karibu na wanyama kuliko huyu. Amiba yuko mbali zaidi. Kabichi ndiyo usiseme. Uyoga, mdogo wangu, uyoga uko karibu na sisi kuliko kabichi! Lakini mwenye ukosi ni jirani wa mlango wa pili. Ukipasua sifongo wa baharini, vyumba vyake vya ndani vimejaa seli za namna hiyo hiyo, zenye ukosi na mjeledi, zikivuta maji na kula. Nikakaa chini. Mimi, wewe, sifongo, na huyu mtoto wa mjomba asiye na mdomo.

Sasa, nikiwa namchora yeye, pembeni akapita mwingine. Uzi mwembamba wa kijivu wenye pete mwishoni. Hana ukosi, hana mjeledi, sijamwona akila. Anaelea tu. Nikimtazama usoni anakwepa, nikitulia anarudi. Ana haya, kama Mama alivyokuwa akiingia mgeni. Nimepekua vitabu vyote vya Profesa, hayumo.

Anayegundua ndiye anayetoa jina. Nitampa jina la Mama. Alikwenda bila hata picha moja ya kutundika ukutani. Basi awe kitabuni, mahali ambapo hafutiki. Kitabu kinaingia mtamboni mwisho wa Agosti.

Simu ya kituo bado imekufa tangu ilipopigwa na radi, kwa hiyo posta ni dereva wa gari linalobeba chupa zetu za maji. Andika haraka. Macho yananichoka kidogo na mwanga wa taa, basi naishia hapa.

Dada yako, mgunduzi


Duka la Miwani
10 Mei

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma kaunta, mteja akasubiri na fremu mkononi mpaka akakohoa. Huyo binamu wa ukosi amenikalia kichwani. Jana nilikuwa nafunga vifungo vya shati mbele ya kioo nikacheka peke yangu, shemeji yako akauliza kuna nini, nikamwambia nafanana na watu wa kwetu.

Kuhusu huyo wa pili, nina maswali ya fundi miwani, sina elimu ya viumbe. Ukikisogeza kile kioo chenye tone la maji, naye anasogea pamoja nacho? Umeshamwangalia kwa jicho la kushoto? Amewahi kukutokea mahali pengine, labda kwenye karatasi nyeupe au ukitazama mawingu?

Nijibu yote matatu, usiruke. Ni udadisi tu.

Jina la Mama ni wazo zuri. Nimelala nalo.

Mdogo wako


Kituo cha Bwawa
17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Ama kweli leo umevaa koti la daktari! Haya, nakujibu.

Kioo nikikisogeza, wengine wote wanakwenda nacho, yeye anabaki anaelea kwa raha zake. Hapo ndipo utajua si wa kawaida. Kwa jicho la kushoto sijawahi kumtafuta. La kushoto ni la karatasi, kila jicho na kazi yake. Na kwenye karatasi nyeupe, ndiyo, huwa namwona kidogo nikishainuka, lakini hiyo ni kawaida yetu wachoraji, ukikodolea kitu kutwa nzima kinabaki machoni.

Sasa sikiliza maajabu. Nilimkuta bwawani. Nikachukua maji ya mto, yumo. Nikachukua ya mvua, yumo. Nikaenda jikoni nikachota ya bomba, yumo! Nikasema lazima nijue uwezo wake, nikachemsha maji ya bwawa mpaka birika likapiga mluzi. Parameshia, wale wenye umbo la kandambili, wote walikuwa wamekufa, amiba wamejikunyata. Yeye anaelea. Kiumbe amegoma kuchemka! Mwili ulinisisimka. Fikiria kitu kilichoko kila mahali, tunachokinywa kila siku, kisichouawa na moto, na watu wote hawa wenye hadubini hawakuwahi kukitilia maanani.

Profesa nimemweleza yote. Akasema tusubiri. Wazee wa elimu wanaogopa furaha.

Mchoro uko tayari. Nimeandika jina la Mama chini yake kwa wino, sikutumia penseli.

Dada yako


Duka la Miwani
24 Mei

Dada yangu,

Barua hii nimeichana mara nyingi. Nisamehe, leo sina utani.

Kiumbe huyo hayumo majini. Yumo ndani ya jicho lako la kulia.

Jicho limejaa ute mzito, mweupe kama maji. Umri ukisogea, ute ule unasinyaa na kubanduka kutoka kwenye utando wa nyuma, ule unaopokea picha. Vipande vyake vinaelea, na vivuli vyake vinaangukia utando. Ndiyo maana ukimfuata anakimbia. Anakwenda na jicho lako. Ndiyo maana humkosi popote ulipo mwanga mweupe, na hakuna mahali pana mwanga mweupe kama ndani ya hadubini. Na ile pete, dada, naijua. Ni alama ya pale ute uliposhikamana na jicho kabla ya kubanduka. Wateja wangu wananichorea pete hiyo hiyo kwenye risiti.

Kwa wengi inaishia hapo, wanazoea. Lakini ute ukibanduka vibaya unauchana utando. Utando ukichanika unaanza kuambuka kama karatasi ya ukutani iliyopata maji, na ukiambuka, jicho linakufa. Kwa hiyo nakuuliza, na nakuomba kwa jina la Mama huyo huyo tunayemheshimu usinifiche: unaona mwako pembeni, kama radi ya mbali? Vidoa vyeusi vimeongezeka? Kama ni ndiyo, usimalize hata mchoro ulioushika. Panda gari la chupa, uende hospitali ya macho ya mkoa. Barua ya kuwapelekea nimeiweka humu.

Najua ninachokunyang'anya. Ningeweza kunyamaza ningenyamaza.

Mdogo wako


Kituo cha Bwawa
31 Mei

Wewe,

Nimeyatumia macho haya miaka yote bila wewe. Nimekuandikia ya kiumbe, umenijibu ya ugonjwa. Tangu lini muuza fremu akawa daktari? Wateja wako wanachora kwenye risiti. Mimi nachora kwenye vitabu.

Umeniambia nimeandika jina la Mama chini ya uchafu wa jicho. Hilo ndilo ulilolisema, hata ukilizungusha vipi.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Dada yako


Kituo cha Bwawa
6 Juni

Mdogo wangu,

Naandika haraka, gari limewashwa.

Nilikuficha. Miako ilianza tangu Aprili. Kila nikigeuza kichwa gizani, mstari wa mwanga pembeni, chwaa, kama mtu anawasha kiberiti nyuma ya sikio. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Mtu anayechora kwa macho mawili akibakiwa na moja ni nani? Ilikuwa rahisi kuwa mgunduzi kuliko kuwa mgonjwa.

Juzi vikaja vidoa vyeusi, vingi, kama mtu amenimwagia pilipili manga ndani ya hadubini. Nikabadilisha tone, vipo. Nikafumba jicho la kulia nikatazama kwa la kushoto. Maji yalikuwa safi kabisa. Kiumbe hakuwepo. Nilikaa pale nikalia mbele ya Profesa, mtu mzima mimi.

Leo asubuhi kuna kivuli kimeshuka upande wa juu, kama pazia, na hakipandi. Profesa mwenyewe ananipeleka. Ulisema kweli na mimi nikakutukana. Njoo hospitali, tafadhali. Naogopa.

Dada


Hospitali ya Macho
15 Juni
(kwa mkono wa muuguzi)

Mdogo wangu,

Tangu uondoke sijauona uso wa mtu. Daktari alinitoa ute wote jichoni, akaubandika utando, akanijazia puto la hewa ya dawa ili liukandamize mpaka ushike. Puto linapanda juu siku zote, kwa hiyo lazima nilale kifudifudi, uso chini, nikila, nikisali, nikizungumza. Naijua sakafu ya wodi hii kuliko fundi aliyeijenga. Muuguzi anaandika huku amechuchumaa ili anisikie, na anasema nimwambie mdogo wangu kwamba dada yake ni mkaidi.

Daktari hafichi. Anasema tumechelewa kidogo. Pale katikati, panapoona vitu vidogo, pameguswa. Jicho litaona au halitaona, hawezi kuahidi.

Nakuomba kitu. Nenda kituoni ukanichukulie nguo zangu na penseli. Na ule mchoro wa uzi, uuondoe mezani kwa Profesa. Sitaki aupeleke mtamboni kwa kunionea huruma. Jina la Mama ulibandikie karatasi, lisionekane.

Na ukiwa pale, tazama kwenye hadubini mara moja tu. Miaka yote nakusimulia, hujawahi kutazama.

Dada yako


Kituo cha Bwawa
25 Juni

Shikamoo dada,

Muuguzi, msomee polepole, na asipotulia mkanye.

Nimefika. Nguo nimezikunja, penseli nimezipata. Mchoro nilimkuta nao Profesa, kaushika kwa mikono miwili. Sikujua nianzie wapi. Akaniambia alishuku tangu siku uliyochemsha maji, akakosa ujasiri wa kukuambia, na kwamba leo anajilaumu kuliko unavyojilaumu wewe. Akasema mchoro huu ni sahihi mno: daktari yeyote wa macho angeutambua akiwa mlangoni. Ulichora kwa ukweli kitu ulichokiona; ulikosea anwani tu. Hautaingia kitabuni. Jina nimelifunika kama ulivyotaka.

Kisha nikatazama.

Kwanza nikaona msitu mweusi, nikapiga kelele. Profesa akasema hizo ni kope zangu mwenyewe, nirudi nyuma kidogo. Nikarudi. Dada, kwa nini hukunilazimisha siku zote hizi? Nilidhani maji ni maji. Nikaona kiumbe kama baragumu la kijani, amejishikiza kwa mkia, vinyweleo vinazunguka mdomoni kama mashabiki wanaoinuka kwa zamu uwanjani, na kila kilichopita karibu kilivutwa ndani. Nikaona amiba akimkumbatia mwenzake pole pole, pande zote, mpaka yule wa ndani akawa hana pa kutokea. Kukumbatiwa kule ndiko kuliwa! Nikaona wa kijani mwenye kidoa chekundu, Profesa akasema mababu zake walimeza mwani, hawakumsaga, wakaishi naye, na mpaka leo wajukuu wanakula mwanga kwa huyo mgeni waliyemmeza. Nikamwomba Profesa anipe kiti.

Halafu akanitafutia wenye ukosi. Walikuwa wameshikana migongo, duara, kama shada la maua, kila mmoja mjeledi nje, wote wanachapa. Profesa akasema huenda wanyama walianza hivyo, seli ndugu zilizogawanyika zikakataa kuachana. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukinishika ukosi wa shati tukivuka barabara kwenda shule.

Nikamuuliza swali la kijinga: sisi wakubwa, mjeledi wetu uko wapi? Akacheka, akasema mbegu ya mwanamume bado inao. Koo na mapafu vina vinyweleo vya asili hiyo hiyo. Kisha akagusa jicho lake. "Na hapa," akasema. Zile seli za utando wa nyuma, zinazopokea mwanga, ile sehemu inayopokea ni unywele wa namna hiyo hiyo. Haupigi tena maji. Umejaa matabaka ya kunasa mwanga.

Sikuamini. Nikarudia nilichokisikia: kwamba daktari, alipokuwa amekuinamia na sindano yake, alikuwa anabandika mamilioni ya watoto wa mjomba. Profesa akasema unaweza kulisema hivyo.

Nimeuza miwani maisha yangu yote bila kujua nauza kwa nani. Lala kifudifudi, dada. Wape nafasi washike.

Ukurasa wa wenye ukosi hauna mchoro wa mwisho. Profesa amewaandikia wachapaji wasubiri. Wamekubali, kwa shingo upande.

Mdogo wako


Hospitali ya Macho
20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na mara hii muuguzi hashiki kalamu.

Barua yako alinisomea mara tatu. Mara ya kwanza aliisoma haraka, ya pili akaanza kuuliza maswali, ya tatu wagonjwa wenzangu wakasogea, wote uso chini, tukawa kama watu waliopoteza pete moja sakafuni. Ulipofika kwenye unywele wa seli, mzee wa kitanda cha dirishani alisema, "Basi nimelala na ukoo wangu wote humu." Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anafikiria lake.

Mimi nilifikiria hivi. Nimezunguka mabwawa na mito nikitafuta maajabu ya kumpa Mama jina, na kumbe utando huu, na kila unywele uliomo, nimeutoa kwake, naye kwa mamake, na nyuma zaidi ya bibi yeyote unayeweza kumtaja, mpaka kwenye maji. Mama hahitaji ukurasa. Nililia, na kulia kifudifudi ni kazi, machozi yanakwenda puani.

Puto lilianza kupungua. Unaliona lenyewe kutoka ndani, dada yako hatii chumvi: mstari wa maji unaochezacheza, juu yake dunia, chini yake ukungu. Kila asubuhi mstari ulishuka kidogo, na dunia ikaongezeka. Kwanza dari. Halafu taa. Halafu nywele za muuguzi, halafu paji lake. Nilimsubiri siku kadhaa mpaka akafika kidevuni. Ni mzuri, nilimwambia. Mwishowe likabaki tone, tone hasa, linabingirika chini ya jicho, na jana likaisha.

Daktari amenieleza ukweli. Jicho la kulia halitarudi kwenye hadubini. Mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, fremu ya mlango ina kiuno. Vitu vidogo vidogo vinaonekana kana kwamba vinamezana. Ile kazi yangu ya macho mawili kwa pamoja imekwisha, na siku niliyoelewa hivyo sikula.

Lakini hapa kuna chumba cha maabara, na mtaalamu wake ana moyo. Alinipa tone la maji ya chombo cha maua. Nikatazama kwa la kushoto, jicho lisilojua lolote, jicho la karatasi. Ilikuwa kama kumfundisha mtoto kushika kijiko. Nikatazama, nikainua kichwa, nikachora nilichokumbuka, nikarudi. Tazama, inua, chora. Polepole mno. Jioni nikawa na mwenye ukosi mmoja, ukosi wake umelalia upande kama wa mlevi. Sikuufuta. Mwambie Profesa ukurasa nitaujaza mimi, na wachapaji wasubiri kwa shingo yoyote wanayotaka.

Najua hapa umeshaanza kulalamika kwamba herufi ni kubwa kama za bango, mistari inapanda kilima na kushuka, na neno moja limeandikwa juu ya jingine. Umesema moyoni, masikini, anaandikia kitandani.

Niko mezani, mdogo wangu, nimekaa wima. Tangu "Marahaba" mpaka hapa nimeliziba jicho la kushoto kwa pamba. Barua hii yote umeandikiwa na jicho la kulia.

Dada yako